Kilometa 4,300 bila kuvuta kijiti

Taa ya oili iliwaka mara ya kwanza kwenye kona, tulipokuwa tunatoka Usa River. Nyekundu, umbo la birika lenye tone mdomoni. Iliwaka kwa muda wa kupepesa macho, ikazima. Ilikuwa Jumapili jioni, tunarudi Moshi baada ya kumjulia hali ndugu yetu aliyefanyiwa upasuaji Arusha. Mimi nilikuwa kwenye usukani, mama mkwe pembeni yangu, watoto watatu nyuma, na kwenye buti viazi na karoti tulizonunua Tengeru.

Nikatupia jicho ile karatasi ambayo gereji hubandika pembeni ya kioo baada ya kumwaga oili. Ilionyesha kwamba nilitakiwa kurudi baada ya kilometa 5,000. Nilikuwa nimetembea 4,300. Zilibaki 700, na Moshi ilikuwa mbele yetu kwa mwendo usiofika hata saa moja na nusu. Nikahitimisha kwamba ni waya umelegea, nikaendelea na safari.

Tulipopita njia panda ya KIA, ya kwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nikaanza kusikia mlio, kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko, taratibu, kwa kufuata mwendo wa gari. Nikikanyaga mafuta unakaza, nikiachia unalegea. Mama akageuka. "Mwanangu, hicho kinacholia ni nini?" Nikamwambia kesho asubuhi tutampelekea fundi. Akanyamaza, lakini niliona ameshika ule mshikio wa juu ya mlango na hakuuachia tena.

Baada ya Boma Ng'ombe, tukiwa kwenye mteremko wa kwenda Kikafu, kitu kizito kikagonga mara moja chini ya miguu yangu. Gari likatikisika, taa zote za dashibodi zikawaka kwa mpigo, injini ikanyamaza. Wanaoifahamu barabara ile wanajua Kikafu si mahali pa kunyamaziwa na injini. Nyuma yangu kulikuwa na lori, na mbele magari yalikuwa yanapanda kwa kasi.

Usukani ukawa mzito kama ninageuza jiwe la kusagia. Nikakanyaga breki, ikakubali. Nikaachia, nikakanyaga tena, ikakubali kwa shida. Mara ya tatu mguu ulikuta kitu kigumu kama ukuta. Nataka kila anayeendesha gari la familia alijue hili, kwa sababu mimi sikuwa nalijua: breki za gari dogo husaidiwa na mfyonzo wa hewa unaotoka kwenye injini. Injini ikizima, kinachobaki ni akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu. Ukikanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, unaimaliza. Unatakiwa ukanyage mara moja kwa nguvu, ushikilie hapo hapo hadi gari lisimame. Akiba hiyo ikiisha gari bado linasimama, ila lazima ukanyage kwa mguu mzima, na ndivyo nilivyofanya, nikiwa nimejiinua kwenye kiti. Tukatoka nje ya lami, tukasimama kwenye majani. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa analia na mama alikuwa anasali kwa Kichaga.

Konda wa kosta iliyosimama nyuma yetu aliruka chini kabla sijafungua mkanda. Akakata matawi kwenye kichaka, akayapanga barabarani huku na huku ya gari ili wanaokuja wajue kuna gari bovu, akawapandisha mama na watoto kwenye kosta yake, na nauli akaikataa. Sijui jina lake hadi leo, na kila nikipita pale namtazamia.

*

Jumatatu fundi alifungua boneti, akavuta stiki ya oili, kile kijiti cha kupimia, akaifuta, akairudisha, akaivuta tena. Akaigeuza upande wa pili kuelekea kwenye mwanga. Kisha akanipa niishike mwenyewe. Ilikuwa kavu kama ufito.

"Dada, mara ya mwisho umepima oili lini?"

"Nilimwaga oili miezi mitatu iliyopita."

"Hapana. Sikuulizi umemwaga lini. Umepima lini?"

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kupima. Mume wangu naye hakuwahi. Tulikuwa na gari hilo kwa karibu miaka minne, tulilipeleka gereji kwa wakati, tulitunza risiti zote kwenye bahasha, na hakuna hata siku moja, kati ya kumwaga oili na kumwaga nyingine, mmoja wetu alipofungua boneti na kuvuta kile kijiti.

Fundi akafungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akakinga beseni. Injini ile inachukua lita 4 na robo pamoja na filta. Ilitoka kama robo tatu ya lita, nyeusi, na alipoizungusha kwenye jua tukaona vumbi linalong'aa kama lile la kwenye vitenge vya harusi. Zilikuwa chembe za beringi za konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. "Imenoki," akasema, akaenda kunawa mikono.

Lita 3 na nusu zilikuwa zimekwenda wapi? Nilizunguka kibaraza chetu chote nikitafuta doa. Hapakuwa na tone. Moshi wa bluu nilikuwa nimeuona asubuhi chache tu, kidogo sana, na Kibosho asubuhi ina ukungu, kwa hiyo nikaona ni mvuke. Fundi akanieleza kwamba gari lenye masega mazima kwenye ekzosi, yale ya kusafisha moshi, linaweza kula oili kwa muda mrefu bila kutoa moshi wa kumshtua mtu, maana masega yanamalizia kuunguza kile kilichobaki. Na yenyewe huharibika polepole kwa kazi hiyo.

Usiku ule nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Lita 3 na nusu kwa kilometa 4,300 ni kama lita 1 kila kilometa 1,200. Halafu mume wangu akaniletea jambo lililoniondolea usingizi. Baadhi ya watengenezaji wa magari huandika kwenye vitabu vyao kwamba injini inayokula hadi lita 1 kwa kila kilometa 1,000 bado iko katika kiwango kinachokubalika. Maana yake ni kwamba kwa vitabu vya namna hiyo injini yetu ilikuwa nzima. Sasa chukua kiwango hicho, kiweke kwenye karatasi ya gereji inayosema rudi baada ya kilometa 5,000. Injini yenye lita 4 na robo ikiruhusiwa kula lita 1 kila kilometa 1,000, itakuwa imekauka kabla ya siku ya kurudi. Karatasi haisemi uongo, kitabu hakisemi uongo, na katikati yao injini inakufa. Kinachojaza nafasi hiyo ni kijiti kimoja cha chuma, ambacho gharama yake ni dakika moja na kipande cha kitambaa.

Na ile taa? Mimi, kama watu wengi niliowauliza baadaye, niliamini inawaka oili inapopungua. Sivyo. Katika magari mengi ya umri wa letu taa ile haijui oili ni kiasi gani. Inajua presha tu. Ndani ya sampu kuna mdomo wa pampu unaofyonza oili kutoka chini. Oili inaweza kupungua nusu nzima na mdomo bado ukawa umezama, presha ikawepo, taa ikatulia. Siku inapobaki kidogo sana, ukikata kona oili inakimbilia upande mmoja, mdomo unafyonza hewa, presha inaanguka, taa inawaka. Ukinyoosha usukani, oili inarudi, taa inazima. Hiyo ndiyo kona yangu ya Usa River. Haukuwa waya. Ilikuwa pampu inameza hewa, na tangu hapo nilikwenda kilometa nyingine kama arobaini.

*

Marehemu baba yangu aliendesha lori la kahawa. Alizunguka vyama vya msingi huku mlimani, akishusha magunia ya wanachama wa KNCU, ushirika uliosajiliwa mwaka 1933, kwenda kukobolewa Moshi mjini. Nilikuwa mdogo, lakini asubuhi zile nazikumbuka kwa pua: harufu ya dizeli, ya magunia ya katani, ya majani ya migomba yenye umande. Utingo wake alikuwa haruhusiwi kugusa swichi kabla ya kumletea baba kijiti. Alikileta mkononi kama mtu anayebeba mshumaa, amekikinga kwa kiganja kisidondoshe, na baba akakitazama akiwa bado na kikombe cha chai. Akitikisa kichwa juu na chini, lori linawashwa. Akinyamaza, utingo anarudi kuchukua galoni.

Mimi nilikulia kwenye nyumba hiyo. Nilimwona kila siku. Nikanunua gari, na kitu pekee ambacho baba alikifanya kila asubuhi ya maisha yake ya kazi sikukichukua, kwa sababu gari langu lilikuwa na taa, na kompyuta, na karatasi kwenye kioo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha.

*

Wiki ya pili fundi aliniita niende kuona. Injini ilikuwa imefunguliwa, vipande vimepangwa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, kila silinda na vitu vyake. Akaanza na kilichoua. Kati ya konrodi na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, hukaa vibati viwili laini vya nusu duara, ndizo beringi, na kati ya vibati na chuma cha krenki hukaa utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Chuma hakigusi chuma, kinaelea juu ya oili. Utando ukikatika, ni sekunde chache tu. Kwenye silinda ya tatu vibati vilikuwa vimesagika, vimezunguka, vimepanda kimoja juu ya kingine kama maganda ya ndizi. Krenki pale ilikuwa na rangi ya bluu, alama ya moto mkali.

Kisha akanionyesha kilichokunywa. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu zinazuia mlipuko usishuke. Ya tatu ni ya oili: visahani viwili vyembamba na springi katikati yake, kazi yake ni kukwangua oili ukutani mwa silinda kila pistoni inaposhuka, na kuirudisha chini kupitia vitundu vidogo vilivyotobolewa nyuma yake. Kwa mizunguko 2,400 kwa dakika pistoni hupanda na kushuka mara 40 kila sekunde. Ringi hiyo inatakiwa icheze, itanuke, ibane, kila mara. Fundi akaweka ukucha kwenye ringi ya silinda ya tatu, akasukuma. Haikusogea. Ilikuwa imegandia kwenye mfereji wake kwa masizi meusi magumu, yale yanayobaki kwenye chungu kilichounguza maharage. Akatafuta vitundu kwa ncha ya sindano. Vilikuwa vimezibwa, vyote isipokuwa kimoja.

Kwa hiyo oili iliyopaswa kukwanguliwa ilibaki ukutani, ikaungua pamoja na petroli, ikazidisha masizi, masizi yakazidi kuibana ringi. Tatizo hilo linajilisha lenyewe.

Nikauliza limeanzaje, na fundi huyu, ambaye namheshimu kwa sababu hakunipa jibu moja la haraka, akataja mambo manne. Kwanza, magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya kubana petroli mara nyingi yana ringi laini zisizobana sana, ili injini iwe nyepesi kuzunguka, na ringi laini hushindwa na masizi mapema. Pili, hatujui aliyelitumia kule Japani alimwaga oili mara ngapi. Tatu, safari fupi za shule: injini haijapata joto, inazimwa, na unyevu na petroli mbichi vinabaki ndani ya oili. La nne ni la huku kwetu mlimani, na sikuwahi kulisikia kwa mtu mwingine.

Mji wa Moshi uko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunakaa Kibosho, juu zaidi. Kila asubuhi tunashuka. Ukishuka kwa gia ndogo ukiwa umeachia mafuta, injini inazunguka kwa nguvu huku koo lake la hewa limefungwa. Ndani ya silinda kunakuwa na mvuto mkubwa, kama mtu anavuta maziwa kwenye mrija uliozibwa. Mvuto huo unanyonya oili kupita kwenye ringi zilizochoka na kwenye sili za vali, zile raba ndogo za kuzuia oili. Ndiyo maana ukitaka kujua sili za vali zimekufa, mwambie mwenzako ashuke mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, kisha akanyage akifika chini, wewe ukiwa nyuma yake. Ikitoka pafu moja ya bluu, umepata jibu. Moshi unaotoka kila akikanyaga kwa nguvu unaelekeza zaidi kwenye ringi. Anayekwambia usishuke kwa gia ndogo kwa sababu hiyo anakupeleka pabaya, usimsikilize. Breki zako ni muhimu kuliko oili. Ila ujue gari la mlimani linakunywa kuliko ndugu yake wa Dar es Salaam, na ulipime mara nyingi zaidi.

*

Katika kusoma usiku usiku nilikutana na habari ya Hyundai. Gari letu si la kampuni hiyo na ugonjwa wake ni mwingine, lakini habari hii ilinikalia. Septemba 2015 kampuni hiyo iliyaita gereji magari kama 470,000 aina ya Sonata nchini Marekani, kwa sababu vipande vya chuma vilivyobaki wakati wa kuchonga krenki viliweza kuzuia oili isifike kwenye beringi za konrodi. Injini zilikuwa zinakufa barabarani kama ya kwangu. Mhandisi wa kampuni hiyohiyo, Kim Gwang-ho, alipeleka nyaraka kwa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani mwaka 2016, akidai kwamba magari yaliyoitwa hayatoshi. Alipoteza kazi. Novemba 2020 Hyundai na kampuni dada yake, Kia, zilikubali adhabu iliyofika dola milioni 210 kwa jumla, na Novemba 2021 mhandisi huyo alitunukiwa zaidi ya dola milioni 24.

Niliisoma mara mbili, nikimfikiria mama wa Marekani aliyepokea barua kwenye sanduku lake inayomwambia lete gari lako, tutalitazama bure. Gari letu lilipanda meli likiwa limeshatumika, likashuka Dar es Salaam, likaja kwetu kupitia mikono mitatu. Barua ikiandikwa, itaandikwa kwa mtu wa Nagoya. Hakuna anayejua kwamba lipo Kibosho. Watengenezaji wa Japani wana kurasa kwenye intaneti ambapo unaingiza namba ya chesisi na kuona kama gari limewahi kuitwa. Mume wangu alifanya hivyo kwa msaada wa programu ya kutafsiri, na letu halikuwa na wito wowote. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwetu kujua kwamba unaweza kuuliza. Kama una gari la mtumba, fanya hivyo leo jioni.

*

Kulikuwa na njia mbili. Kununua injini ya mtumba, inafungwa siku mbili gari linatembea. Au kuijenga upya ya kwetu. Ya kwanza ilikuwa na bei nafuu kidogo. Ya pili ilikaribia ada ya mwaka ya watoto wawili. Jamaa na marafiki karibu wote walisema mtumba. Nilikataa, na sababu yangu ni rahisi. Injini ya mtumba ya aina ileile ina pistoni zilezile, ringi zilezile, vitundu vilevile vidogo, na historia nisiyoijua. Ningekuwa nimenunua ugonjwa uleule ukiwa kwenye hatua ya mapema.

Krenki ilipelekwa kuchongwa Arusha. Robo milimita haikutosha kuondoa makovu, ikachongwa nusu milimita, zikaagizwa beringi za saizi hiyo. Pistoni na ringi tulichukua zile zilizoboreshwa, zenye vitundu vikubwa zaidi vya kurudishia oili. Sili za vali mpya. Na kile kivali kidogo cha kupumulia injini, ambacho bei yake haizidi ya kuku, na ambacho kikiziba au kikikwama wazi kinaweza peke yake kulifanya gari linywe oili. Fundi anasema ndicho cha kwanza kutazamwa kabla mtu hajakushauri kufungua injini. Namwamini.

Ilichukua wiki saba. Watoto walishuka shule kwa kosta na bodaboda. Katika wiki hizo nilizungumza sana na vijana wa bodaboda wa kijiwe chetu, na nikagundua kwamba kila mmoja wao anajua oili yake ilimwagwa siku gani na leo iko wapi. Hawana karatasi kwenye kioo. Wanategemea pikipiki kula, kwa hiyo wanaiangalia.

Kuhusu oili yenyewe, ugomvi hauishi kijiweni. Wapo wanaosema weka nzito, 20W-50, itaacha kunywa. Ni kweli nzito hupita kwenye ringi kwa shida zaidi, na gari lililochoka linaweza kupunguza ulaji. Lakini injini yetu ilitengenezwa kwa oili nyepesi, mifereji yake ni myembamba, na mitambo yake ya kubadilisha muda wa vali inaendeshwa na oili hiyohiyo. Asubuhi ya Julai huku juu, oili nzito inachelewa kufika inakotakiwa, na sekunde hizo za mwanzo ndizo zinazosaga. Tulifuata kitabu: 5W-30, kutoka kopo lililofungwa. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa siigusi tena, hata muuzaji awe ndugu yangu.

*

Sasa kila Jumamosi gari linasimama kwenye sehemu tambarare ya kibaraza. Linazimwa, tunasubiri dakika kumi ili oili ishuke sampuni. Binti yetu wa kwanza anavuta kijiti, anakifuta, anakirudisha hadi mwisho, anakivuta na kukishika kimelala. Anasoma pande zote mbili, maana upande mmoja unaweza kudanganya. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwenye gari letu, ni karibu lita 1. Hatuvushi alama ya juu; oili ikizidi krenki inaipiga inakuwa povu, na povu halibebi chuma. Kisha anaandika kwenye daftari: tarehe, kilometa, imesimama wapi, tumeongeza kiasi gani. Kopo la lita 1 linakaa kwenye buti muda wote, pembeni ya jeki.

Daftari ndilo lililonifundisha kuliko fundi. Kilometa 1,000 za mwanzo, ringi zikiwa bado zinajikalisha, ilikula kidogo, tukamwaga oili mapema kama tulivyoagizwa. Baada ya hapo, katika kilometa 6,000 nzima tumeongeza chini ya nusu lita. Gari linalokula oili kwa kiwango kinachojulikana si gari la kutupa. Nina jirani ambaye lake linakula lita 1 kila kilometa 1,500, anaongeza, anaandika, na mwaka jana alikwenda Dar es Salaam na kurudi Krismasi bila shida.

Anayetaka kununua, namwomba afanye jambo moja zaidi ya kuwasha na kusikiliza. Alipe fundi apime presha ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini, imiminiwe kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, ipimwe tena. Presha ikipanda, oili imeziba pengo ambalo ringi zimeshindwa kuliziba. Isipopanda, tafuta kwenye vali au gasketi.

Mwezi uliopita shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alinipigia kutoka Makuyuni. Alikuwa anatoka Karatu kurudi Arusha na familia yake, gari aina ileile ya kwetu.

"Shem, taa ya oili imewaka kwenye kona, ikazima. Nadhani ni waya."

"Zima gari."

"Nimebakiza safari fupi tu, shem."

"Zima gari sasa hivi. Shuka, fungua boneti. Usinikatie simu."

Nikamsikia akishuka, nikasikia upepo, nikasikia mke wake akiuliza kuna nini. Tukasubiri dakika kumi pamoja, mimi jikoni kwangu na yeye pembeni ya lami. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ncha tu ndiyo imelowa. Alitembea hadi kituo cha mafuta, akarudi na galoni. Iliingia lita 2 na nusu ndipo ikagusa alama ya juu.

Alikwenda polepole hadi Arusha, na juzi akalileta Moshi kwa fundi wetu. Jana jioni nilipita gereji nikitoka kazini. Silinda tatu zilikuwa na presha nzuri. Ya nne ilikuwa chini, na ilipomiminiwa kijiko cha oili, ikapanda.